Thabeet, Evans na Curry: kisa cha tuzo ya chipukizi bora wa NBA, msimu wa 2009-10

Usiku wa kuamkia Ijumaa, Juni 26, 2009, kwa saa za Dar es Salaam, habari mbili kubwa zilitoka Marekani zikifuatana. Ya kwanza ilikuwa kifo cha Michael Jackson, Los Angeles. Ya pili ilifika saa mbili tatu baadaye kutoka ukumbi wa Madison Square Garden, New York: Memphis Grizzlies wamemchukua Hasheem Thabeet, mchezaji wa pili kuitwa katika drafti ya NBA ya mwaka huo, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Karibu dunia nzima habari ya kwanza iliimeza ya pili. Kwa watu wa kikapu wa Dar haikumezwa. Kijana aliyezaliwa jiji hili mwaka 1987, mwenye urefu wa mita 2.21, alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, tena aliingia akiwa ametanguliwa na mtu mmoja tu, Blake Griffin. Nyuma yake walipanga foleni James Harden (wa tatu), Tyreke Evans (wa nne), Stephen Curry (wa saba), DeMar DeRozan (wa tisa) na Brandon Jennings (wa kumi).

Ubashiri nao ukaanza. Nauchambua msimu huo kwa sababu una karibu kila mtego anaoweza kuukuta mtu anayetaka kutabiri nani atabeba tuzo ya chipukizi bora, yaani mchezaji bora kati ya wanaocheza msimu wao wa kwanza NBA, na kwa sababu sisi wa Dar tulikuwa na sababu ya ziada ya kuingia mtegoni. Swali langu ni moja. Mtu aliyekaa Upanga au Kariakoo mwezi Oktoba 2009, bila kujua yatakayotokea, angeweza kulipata jina sahihi?

Tuanze na hoja ya kijiweni, maana haikuwa ya kijinga. "Mwanangu, namba mbili dunia nzima hiyo!" Na historia ya karibu iliiunga mkono. Kevin Durant alichaguliwa wa pili mwaka 2007, akabeba tuzo. Derrick Rose alichaguliwa wa kwanza mwaka 2008, naye akabeba. Thabeet mwenyewe hakutokea hewani. Msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, alimaliza na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 10.8 na bloku (mitupo ya mpinzani inayozuiwa) 4.2 kwa mechi, timu yake ikafika nne bora ya taifa, na yeye akagawana na DeJuan Blair tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East. Ukiongeza kwamba ni wetu, ungehitaji roho ngumu kumtaja mtu mwingine.

Ila tuzo hii haipimi kipaji, wala haiulizi nani atakuwa mkubwa miaka kumi mbele. Inatolewa na jopo la waandishi na watangazaji wa michezo, ambao msimu ule walikuwa 123. Kila mmoja huandika majina matatu baada ya mechi za kawaida 82 kwisha. Wa kwanza hupata pointi tano, wa pili tatu, wa tatu moja. Hakuna mpigakura anayeweza kutazama mechi zote za vijana wote. Anachokuwa nacho mezani mwezi Aprili ni takwimu, vipande vya video na gumzo. Katika takwimu hizo pointi za kufunga ndizo zinazosomwa kwanza, pasi za mwisho (zile zinazozaa pointi) na ribaundi hufuata, na bloku ziko mbali huko chini. Ili upate pointi lazima uwe uwanjani na uwe na mpira. Hapo ndipo ubashiri wa kweli unapoanza: nani atapewa dakika, na nani atapewa mpira.

Sasa itazame Memphis ya vuli ile kwa macho hayo. Nafasi ya senta alikuwapo Marc Gasol, akiingia msimu wake wa pili na akipanda kila mwezi. Julai 2009, wiki chache tu baada ya drafti, Grizzlies wakamleta Zach Randolph kutoka Clippers, mtu wa kufunga karibu na goli ambaye msimu huohuo angekwenda kuwa nyota wa All-Star, mechi ya nyota wa ligi. Pembeni yao walikuwapo Mike Conley, O. J. Mayo na Rudy Gay. Kama hao hawakutosha, mwezi Septemba timu ikamsajili Allen Iverson, ambaye alicheza mechi tatu akaondoka. (Kisa cha Iverson Memphis kinastahili makala yake, hapa nakitaja tu ili uone foleni ya wanaoutaka mpira ilivyokuwa ndefu.) Kijana aliyejifunza mchezo huu akiwa ameshafika ujanani, anayetegemea wenzake wampe mpira chini ya goli, alikuwa ameingia kwenye timu ambayo haikuwa na mpira wa kumpa.

Mpenzi wa soka wa hapa analijua hili bila kufundishwa. Mshambuliaji kijana anayesajiliwa Simba au Yanga, akiwakuta mbele yake washambuliaji wawili walioshika namba, atamaliza msimu na mabao mawili na picha nyingi. Mwenzake wa kipaji cha chini, aliyekwenda timu ya mkoani ambako anapiga penalti zote na mipira yote ya adhabu, atamaliza na mabao kumi na mbili na kuitwa chipukizi wa msimu. Hakuna anayeshangaa. Ajabu ni kwamba akili hiyohiyo tuliiacha mlangoni tulipoanza kumzungumzia Thabeet.

Kulikuwa na dalili nyingine pia, na hii ilikuwa imeonekana hadharani. Februari 2009 Connecticut, wakiwa wanashika namba moja nchini humo, walikutana na Pittsburgh ya DeJuan Blair, mtu mfupi kuliko Thabeet kwa karibu sentimita ishirini. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, na katika kugombea mpira mmoja akamzungusha Thabeet juu ya bega lake mpaka chini. Kwenye drafti Blair akaangukia nafasi ya 37 kwa sababu timu ziliogopa magoti yake. Msimu ulipokwisha, Blair alikuwa kwenye kikosi cha pili cha chipukizi bora. Thabeet hakuwapo kwenye kikosi chochote.

Takwimu za Thabeet za mwaka huo zinauma kuzisoma, basi nizitaje haraka: mechi 68, dakika 13 kwa mechi, pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloku 1.3. Februari 25, 2010 Memphis wakamshusha kwenda Dakota Wizards ya ligi ya maendeleo, iliyo chini ya NBA, na akawa mchezaji aliyechaguliwa juu zaidi kwenye drafti kuwahi kushushwa huko hadi wakati huo. Watu wengi hapa waliishia hapo wakafunga daftari. Mimi naona kuna kitu kinarukwa. Bloku 1.3 ndani ya dakika 13, ukizikuza hadi dakika 36, zinakaribia bloku nne, kiwango cha mabeki wakali kabisa wa ligi. Kipaji kilichomfanya achaguliwe wa pili kilikuwepo. Lakini ni kipaji ambacho mpigakura hakihesabu, kikiwa ndani ya dakika ambazo kocha Lionel Hollins hakuwa na sababu ya kuziongeza, kwa kuwa Gasol na Randolph walikuwa wanamshindia mechi. Memphis walipanda hadi ushindi 40.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya jibu langu ni rahisi: mwezi Oktoba, kwa habari zilizokuwa wazi kwa kila mtu, Thabeet angeweza kuondolewa kwenye orodha bila kusubiri mechi hata moja.

Baada ya hapo hesabu inakuwa ngumu. Kipenzi cha wabashiri wote alikuwa Griffin. Alikuwa na dakika, alikuwa na timu mbovu ya Clippers ambayo ingempa mpira, na alikuwa na jina. Kisha katika mechi ya mwisho ya maandalizi alitua vibaya baada ya kudanki (kuuchomeka mpira golini kwa mkono), goti la kushoto likapata ufa, na msimu wake ukaisha kabla haujaanza. Wa tano, Ricky Rubio, alikuwa amebaki Hispania. Harden alikuwa benchi Oklahoma City, nyuma ya timu iliyokwisha kuwa ya Durant na Russell Westbrook. Mtu aliyepanga ubashiri wake kwa mpangilio wa drafti alijikuta, siku ya ufunguzi, wanne kati ya watano wake wa kwanza hawana dakika au hawapo kabisa. Aliyebaki wima ni wa nne, Tyreke Evans wa Sacramento.

Kabla ya kufika kwa Evans kuna mtego mwingine, na huu ulinasa watu wengi zaidi. Jumapili, Novemba 15, 2009, saa kumi na nusu alfajiri kwa saa zetu, Milwaukee Bucks walianza mechi nyumbani dhidi ya Golden State. Brandon Jennings, aliyekaa mwaka mzima Roma badala ya kwenda chuo, hakufunga hata pointi moja robo ya kwanza. Mechi ilipokwisha alikuwa na 55, kati ya hizo 29 za robo ya tatu peke yake. Ilikuwa mechi yake ya saba tu ya NBA. Mtu aliyeamka na kukuta namba hiyo angekuwa na kila sababu ya kusema kazi imekwisha. Mkonga wa intaneti wa SEACOM ulikuwa umewashwa Dar mwezi Julai mwaka huo, na hata kama intaneti ya wengi wetu bado ilikuwa ya kusuasua, namba ya 55 haihitaji kasi kubwa kufika.

Kosa hapa ni kuupa usiku mmoja uzito wa msimu. Jennings alimaliza na wastani wa pointi 15.5 na pasi 5.7, akiingiza asilimia 37 tu ya mitupo yake. Kilichobaki kumtetea ni kwamba Bucks walishinda mechi 46 na kuingia mtoano, wakati Sacramento na Golden State walikuwa mkiani. Wapigakura 12 waliona hilo linatosha kumpa nafasi ya kwanza. Kumi na wawili kati ya 123: hiyo ndiyo thamani halisi ya ushindi wa timu kwenye tuzo hii, na ni vizuri kuikumbuka kila mara mtu anapokuambia "lakini timu yake inashinda".

Wakabaki wawili, Evans na Curry, na hapa ndipo kisa kinaponoga.

Evans aliingia Sacramento, timu iliyotoka msimu wa ushindi 17, mbovu kuliko zote. Mfungaji mkuu alikuwa Kevin Martin, mtu wa pointi zaidi ya 24 kwa mechi msimu uliotangulia. Mapema Novemba Martin akavunjika kifundo cha mkono. Mpira wote ukahamia kwa kijana wa miaka ishirini mwenye mwili wa mtu mzima, ambaye kazi yake ilikuwa moja: kuinamisha bega na kwenda golini. Desemba 21, ugenini Chicago, Sacramento walikuwa nyuma kwa pointi 35 katika robo ya tatu, wakarudi na kushinda 102-98, Evans akimaliza kazi dakika za mwisho. Martin alipopona, timu ilikuwa imeshakuwa ya Evans. Februari Martin akauzwa Houston. Nani angejua Oktoba kwamba kifundo cha mkono cha mtu mwingine ndicho kitaamua tuzo? Hakuna. Lakini aliyesoma habari ya jeraha lile kwa makini mwezi Novemba alikuwa na wiki nyingi za kuwatangulia wenzake.

Curry alikuwa na tatizo la aina nyingine. Golden State tayari walikuwa na Monta Ellis, mlinzi mdogo wa umbo na mfungaji mkubwa, aliyetamka hadharani kabla ya msimu kwamba wawili hao hawawezi kucheza pamoja kwa udogo wao. Kocha Don Nelson alikuwa na mpira wa kasi usio na breki, na hilo lilimsaidia Curry, ila miezi ya mwanzo alikuwa mtu wa pili nyuma ya Ellis. Mambo yalibadilika baridi ilipokuwa inakwisha. Februari 10, 2010 alifunga pointi 36, akatoa pasi za mwisho 13 na kukusanya ribaundi 10 dhidi ya Clippers. Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine: zaidi ya pointi 20 kwa mechi, na siku ya mwisho ya msimu 42 dhidi ya Portland.

Mechi za nyumbani za timu hizi mbili, zote za California, huanza Dar kunapokucha, wakati mtu yuko kituoni anagombea daladala ya kwenda Posta. Kwa hiyo mtu wa hapa aliwajua Evans na Curry kwa takwimu zaidi kuliko kwa macho. Hilo linaonekana kama hasara, lakini kwa ubashiri wa tuzo hii ni karibu faida, maana mpigakura wa Boston au Miami naye alikuwa amelala wakati Sacramento wanacheza. Wote wawili walikuwa wanasoma karatasi ileile.

Na karatasi ya Evans ilikuwa na namba zinazojiuza zenyewe: pointi 20.1, pasi 5.8, ribaundi 5.3. Kabla yake chipukizi waliofikisha angalau 20, 5 na 5 walikuwa watatu tu katika historia, Oscar Robertson, Michael Jordan na LeBron James. Hebu fikiria ni pengo dogo kiasi gani: kama wastani ungekuwa 19.9, mchezo wake ungekuwa uleule, dakika zilezile 37, ila sentensi yenye majina ya Robertson, Jordan na LeBron isingeandikika. Curry alimaliza na pointi 17.5, pasi 5.9 na ribaundi 4.5. Hakuna sentensi hapo.

Kura zilipohesabiwa, Evans alipata nafasi za kwanza 67, Curry 43, Jennings 12, na moja ikaenda kwa Darren Collison wa New Orleans. Kwa pointi ilikuwa 491, 391 na 204.

Leo ni kawaida kusikia kwamba wapigakura 67 waliaibika. Curry akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016, mara ya pili kwa kura zote, na Harden, yule wa benchi, akabeba tuzo hiyohiyo mwaka 2018. Sikubaliani na lawama hiyo. Waliulizwa kuhusu msimu mmoja na walijibu kuhusu msimu mmoja. Kwa miezi minne ya mwanzo Evans alikuwa mbele bila ubishi. Lakini kuna jambo la maana zaidi ndani ya takwimu za Curry ambalo wachache walilithamini mwaka ule: aliingiza mitupo 166 ya pointi tatu, rekodi ya chipukizi kwa wakati huo, kwa asilimia karibu 44. Mwaka 2010 timu ya kawaida ilikuwa inajaribu mitupo 18 hivi ya pointi tatu kwa mechi. Siku hizi zinazidi 35. Peleka karatasi zilezile mbili kwa wapigakura wa leo, nami naamini Curry anashinda. Anayebashiri tuzo anabashiri macho ya watu wa mwaka fulani, na macho hayo yana mtindo wake.

Kwa upande wa Afrika kuna mfululizo unaofaa kutazamwa. Hakeem Olajuwon alianza kwa zaidi ya pointi 20 na karibu ribaundi 12 kwa mechi msimu wa 1984-85, akakutana na Jordan. Dikembe Mutombo aliitwa All-Star akiwa chipukizi, lakini tuzo ya 1992 ikaenda kwa Larry Johnson. Joel Embiid, Mkameruni, alikuwa na pointi 20.2 msimu wa 2016-17, ila alicheza mechi 31 tu, na tuzo ikabebwa na Malcolm Brogdon wa Milwaukee, aliyechaguliwa wa 36, kwa wastani wa pointi 10.2. (Brogdon baadaye akaanzisha mradi wa kuchimba visima vya maji Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, wetu kwa namna yake.) Mwaka wa Brogdon ndio unaopasua kanuni ya mpira mkononi: pale dakika zilishinda kila kitu, kwa sababu wenye mpira hawakuwa na afya.

Kanuni yenyewe imeendelea kufanya kazi mara nyingi kuliko inavyoshindwa. Michael Carter-Williams, wa 11 katika drafti ya 2013, alibeba tuzo akiwa Philadelphia iliyoshinda mechi 19, kwa sababu alikuwa na pointi 16.7, ribaundi 6.2, pasi 6.3, na hakuna mwenzake wa kumnyang'anya mpira.

Nikaijaribu kanuni kwenye msimu uliofuata ule wa Thabeet. Oktoba 2010 Griffin alirudi uwanjani, na kwa kuwa hakuwa amecheza mechi rasmi hata moja, bado alihesabiwa chipukizi. Dakika alikuwa nazo, mpira alikuwa nao, timu ilikuwa mbovu. Mshindani wake alikuwa John Wall, wa kwanza katika drafti ya 2010, naye akiwa na dakika na mpira Washington. Griffin akacheza mechi zote 82, akafunga 22.5 na ribaundi 12.1, akapewa kura zote za nafasi ya kwanza. Ukisoma sasa inaonekana wazi. Siku ile ya Oktoba, mbele yako ungekuwa na jina sahihi na goti lililotoka kufanyiwa upasuaji mwezi Januari. Hela ningeweka kwa Griffin, ila si ile ya kodi ya nyumba.